Paka wangu akiona kiroba tu anatoweka: nitamfikishaje kufungwa kizazi?

"Daktari, ninaishi Tanga mjini. Nina paka jike niliyemwokota sokoni akiwa mdogo, sasa ana kama mwaka mmoja na miezi miwili. Ameshazaa mara moja, watoto wanne, wote nimewagawa. Wiki tatu zilizopita nilitaka apelekwe kufungwa kizazi. Tulimtia kwenye kiroba, mdogo wangu akapanda naye bodaboda. Njiani akachana kiroba, akamng'ata mdogo wangu mkononi, akaruka na kupotea. Alirudi baada ya siku mbili amekonda, na tangu siku hiyo akisikia sauti ya mfuko anaingia uvunguni hatoki. Sasa ameanza tena kulia usiku. Jirani anasema nimsagie vidonge vya majira kwenye dagaa. Mwingine anasema nimpe Piriton alale ndipo nimbebe. Mama mkwe anasema nimwache, kwamba ni dhambi, na tena atanenepa na kuacha kukamata panya. Nampenda paka huyu na sitaki kumtesa. Nifanye nini?"

Dada yangu, kabla ya paka nianze na mkono wa mdogo wako, maana umeutaja kwa neno moja ukapita. Jino la paka ni jembamba na refu. Linatoboa kama sindano, linapeleka vijidudu chini kabisa, kisha ngozi inajifunga juu huku ndani panatunga usaha. Na kichaa cha mbwa, pamoja na jina lake, paka naye hukipata na kukiambukiza. Mtu aking'atwa na paka, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kuona. Kwa mdogo wako lipo la kututuliza: mnyama ambaye mate yake yana virusi vya kichaa siku aliyong'ata huugua na kufa ndani ya siku 10, na wako baada ya wiki tatu bado yupo mzima. Hata hivyo aende kituo cha afya aeleze ilivyokuwa, wao waamue kuhusu chanjo, na ya pepopunda pia. Na paka akifika kwa daktari, omba achanjwe kichaa safari hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye hofu, kwa sababu ndilo swali lako hasa.

Watu wengi wanaoniletea paka wa namna hii husema "ana kisirani" au "ananiwekea kinyongo." Hapana. Paka ni mwindaji mdogo ambaye naye huwindwa na wakubwa zaidi, na usalama wake wote umo katika eneo analolijua. Eneo hilo huchora kwa pua. Akijisugua shavu kwenye mguu wa meza au kwenye gauni lako, anaacha harufu yake, na harufu hiyo ndiyo inayomwambia kwamba hapa ni kwake. Sasa fikiria siku ile. Dakika moja alikuwa kwenye eneo lake. Dakika iliyofuata akawa gizani, amebanwa, hana pa kuegemea miguu, kuna mngurumo wa pikipiki, harufu ya petroli, honi, mbwa wa njiani, na mlango wa kutokea haupo. Ubongo wa mnyama anayewindwa haungoji kufundishwa mara mbili. Tukio moja la kutisha kiasi hicho linatosha, na alama aliyoishika ni sauti ya mfuko. Kumfukuza chumba kizima na kumkaripia kunathibitisha tu alichokwisha kuamini.

Jambo ambalo wafugaji hawaambiwi ni kwamba hofu hiyo haiishii mlangoni kwa daktari. Paka aliyefika amejaa adrenalini huhitaji dawa nyingi zaidi ili alale, mapigo ya moyo wake huweza kwenda mrama akiwa kwenye nusukaputi, na huamka vibaya, akijigonga na kujitafuna nyuzi. Kwa hiyo usijione unamdekeza ukihangaika kumtuliza. Kwangu mimi kumtuliza ni sehemu ya upasuaji, na sehemu hiyo inafanyika nyumbani kwako kabla mimi sijavaa glavu.

Kiroba ukitupe. Tafuta tenga imara la fito, lile la kubebea kuku, au kreti ya plastiki ya kubebea paka ukiipata. Bora zaidi lifunguke kwa juu, ili daktari amtoe bila kumvuta kwa miguu. Kama mianya ni mipana, zungushia kanga ndani. Liweke chumba anacholala, wazi, mfuniko pembeni, na uliache hapo usiku na mchana. Tandika ndani nguo uliyoivaa na hujaifua. Kila unapomkuna shavuni, mkune kwa kitambaa laini, kisha sugua kitambaa hicho kwenye kingo za tenga. Harufu yake itatangulia kulimiliki kabla yeye hajaingia.

Siku za kwanza weka dagaa karibu na tenga, kisha mdomoni mwa tenga, kisha ndani. Usimsukume. Usikae umemkodolea macho. Akishakula ndani bila wasiwasi, rudishia mfuniko kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, ufungue yeye bado anakula, kabla hajaomba kutoka. Hapo ndipo wengi hukosea: wanafunga, paka anaanza kulia, wanafungua, na paka anajifunza kwamba kulia ndiko kunakofungua. Polepole ongeza muda. Baadaye mnyanyue, mpeleke hadi mlangoni, mtue, mpe dagaa. Kama jirani ana bajaji, mwombe siku moja ukae naye ndani dakika mbili gari likiwa limezimwa, mrudi zenu. Akigoma hatua fulani, rudi hatua moja nyuma. Wengi huchukua wiki mbili hadi nne. Paka wako ameshaumizwa na safari, hivyo usishangae akichukua zaidi.

Najua unawaza: wiki zote hizo, na tayari analia usiku? Kilio hicho ni joto, kama tunavyosema kwa ng'ombe. Kwa paka, joto huendeshwa na urefu wa mchana. Katika nchi za mbali na ikweta, majike hupumzika miezi ya baridi mchana unapokuwa mfupi. Tanga ipo nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, mchana wetu karibu haubadiliki, kwa hiyo hapa paka hawana msimu wa mapumziko. Joto moja huchukua takriban wiki moja. Asipopandwa, hurudi baada ya wiki mbili au tatu, tena na tena. Akipandwa, tendo lenyewe ndilo linalochochea mayai kutoka, na ndiyo maana paka hakosi mimba kirahisi. Mimba huchukua siku 63 hadi 65 hivi, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha.

Kwa hiyo leo hii mfungie ndani. Dirisha, paa lenye upenyo, mlango wa uani, vyote uvikague, kwa kuwa jike aliye kwenye joto hupita mahali usipodhani. Weka beseni la mchanga, vumilia kelele, na anza zoezi la tenga. Joto hili litapita katikati ya mafunzo, na hapo ndipo wakati mzuri wa upasuaji. Kumpasua akiwa kwenye joto inawezekana, ila mishipa ya kizazi imejaa damu na kazi inakuwa na hatari zaidi, hivyo wengi wetu tukiweza kungoja siku chache tunangoja. Akikuponyoka usiku mmoja, usifiche. Mwambie daktari. Upasuaji mimba ikiwa changa bado unafanyika.

Vidonge vya majira, nakuomba sana, usimpe. Kila ninapolisikia shauri hili moyo unanishuka, kwa kuwa nimeona mwisho wake. Homoni iliyomo ndani yake kwa paka huunenepesha ukuta wa mfuko wa uzazi na kuufanya ujae majimaji. Bakteria wakiingia, mfuko wote unageuka usaha, na paka anafikishwa kwetu akiwa hali chakula, tumbo limevimba, damu imeanza kuchafuka. Homoni hizo pia huvimbisha matiti yote kwa pamoja na huweza kumletea kisukari. Sindano za uzazi wa mpango nazo ni hivyo hivyo, na mbaya zaidi ikishachomwa haitoki. Kinachoonekana rahisi leo huwa ndicho kinachotulazimisha kufanya upasuaji ule ule baadaye, usiku, kwa paka mgonjwa.

Piriton nayo haitakusaidia. Huenda akasinzia kidogo, huenda akachangamka kuliko kawaida. Hofu haigusi. Tena daktari atampa nusukaputi bila kujua kuna dawa nyingine mwilini. Na kwa kuwa tumefika kwenye kabati la dawa: Panadol usimpe paka kamwe, si kabla wala baada. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasetamoli kama letu. Damu yake hushindwa kubeba oksijeni, fizi hugeuka rangi ya matope, uso huvimba, na hata kidonge kimoja chaweza kumuua. Diclofenac na ibuprofen ziweke mbali vile vile.

Dawa ya kutuliza hofu ipo, inaitwa gabapentini. Hutolewa nyumbani saa mbili hadi tatu kabla ya safari, kwa kipimo cha uzito wake, na daktari anayemjua ndiye wa kuandika kiasi. Unga wake ni mchungu, kwa hiyo huchanganywa kwenye kijiko kimoja cha mchuzi wa dagaa. Paka akiinywa atayumba kidogo kama amelewa, na itakwisha. Ningependa ujaribu dozi moja siku ya kawaida, upo nyumbani, uone inavyomkaa kabla ya siku yenyewe. Lakini dawa hii haichukui nafasi ya tenga. Paka aliyelewa akatiwa kirobani bado anajua yupo kirobani.

Mama mkwe wako nisingependa umbishie, kwani anachokisema kinatokana na huruma. Mimi ni daktari wa mifugo, si sheikh. Ninachokijua ni kile tulichofundishwa wengi madrasa: kwamba paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani mwetu, na habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Wapo wanazuoni walioruhusu kumfunga paka kizazi panapokuwa na haja na asipodhuriwa. Mwende wote wawili kwa sheikh mnayemwamini, mumweleze hali ilivyo, pamoja na vitoto vinavyotupwa sokoni. Nimewahi kuona mazungumzo ya namna hiyo yakimaliza mvutano wa nyumba nzima.

Kwenye unene, ana hoja. Kizazi kikitoka, mwili hutumia nguvu kidogo na hamu ya kula hupanda. Punguza chakula kwa kama robo na ucheze naye kila siku, hatanenepa. Kwenye panya, mwondoe wasiwasi. Kuwinda hakutoki kwenye ovari. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, na asiyezurura usiku kutafuta madume hubaki nyumbani kwako, walipo panya wako. Kuna faida nyingine ambayo haionekani: vivimbe vya matiti kwa paka, tofauti na kwa mbwa, vingi sana ni saratani. Kumfunga kabla ya mwaka mmoja hupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Wako ameshavuka umri huo, kwa hiyo kinga ya matiti imepungua, lakini ile ya usaha wa kizazi bado ataipata yote, maana kisichokuwepo hakitungi usaha.

Na upasuaji wenyewe? Watu huita kufunga, lakini kwa kawaida hatufungi mirija kama kwa mama. Tunatoa ovari zote mbili, mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi, kupitia mpasuo mdogo tumboni au ubavuni. Ndiyo maana kilio cha usiku nacho kinakoma. Hatari ipo, sitakuficha. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2008 ulikuta kwamba kwa paka wenye afya alikufa kama mmoja kati ya 900 waliolazwa kwa dawa. Lililonifunza zaidi ni kwamba zaidi ya nusu ya vifo vya paka vilitokea baada ya upasuaji kwisha, vingi ndani ya saa 3 za mwanzo, wakati kila mtu anadhani kazi imekamilika. Kliniki zetu nyingi hazina mashine walizonazo wao, kwa hiyo saa hizo tatu zina uzito zaidi kwetu.

Basi ukimpigia daktari, usiulize bei peke yake. Uliza kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Uliza bei hiyo imo dawa ya maumivu au haimo. Uliza nani anakaa na paka mpaka aweze kuinua kichwa na kusimama, na wanamfunika na nini, kwa sababu paka mdogo aliyenyolewa tumbo hupoa haraka hata katika joto la Tanga. Mweleze wazi: "Paka wangu ni mwoga, ameshang'ata mtu, naomba awe wa kwanza asubuhi na asikae karibu na mbwa." Daktari mzuri atakushukuru kwa taarifa hiyo. Akikujibu kwamba umlete tu kwenye gunia atajua la kufanya, tafuta mwingine. Ofisi ya mifugo ya halmashauri itakuelekeza walipo. Wapo watakaokwambia watakuja kumpasulia sebuleni. Daktari kuja nyumbani kumchoma sindano ya kumtuliza ni jambo jema, hasa kwa paka asiyeshikika kabisa. Kumpasua kwenye meza ya chakula silikubali: vumbi, mwanga hafifu, na damu ikikataa kusimama hakuna pa kukimbilia.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mfungie chumba kimoja mapema, kabla ya magharibi, na uzibe uvungu wa kitanda kwa mabegi. Ondoa chakula muda wa kulala, maji yabaki mpaka asubuhi. (Mwenye kitoto cha chini ya miezi minne asimfungishe usiku kucha, sukari hushuka. Aulize daktari saa ngapi.) Asubuhi, gabapentini kama imeandikwa, kisha tenga, kanga juu yake ili asione barabara, na bajaji. Bodaboda hapana. Mpakate tenga mapajani, usiliache sakafuni likitikisika, na ukifika liweke juu ya kiti au benchi. Paka akiwa chini hujiona amezungukwa.

Akirudi, chumba chenye mwanga mdogo, godoro chini asije akaruka kitandani akaanguka, maji, na chakula kidogo jioni. Kidonda usikiguse na Dettol, ni sumu kwa paka, anailamba na kuimeza. Hakihitaji chochote ila kubaki kikavu. Kama analamba, fulana ya mtoto mchanga iliyotobolewa miguu hufaa kuliko kola ya plastiki ya kuzungushia shingo kwa paka mwoga, maana kola nayo inamtisha. Siku 10 hadi 14 asitoke nje. Uvimbe mdogo mgumu kwenye mshono ni wa kawaida. Lakini mrudishe bila kungoja kesho ukiona fizi zimepauka, damu inayoendelea kudondoka, mshono umeachia, anatapika mfululizo, au saa 24 zimepita hajala wala hajakojoa. Paka asiyekula siku mbili au tatu, ini lake huanza kujaa mafuta, na hilo linaweza kumuua wakati kidonda chenyewe kimepona vizuri.

Tenga usilirudishe stoo. Fua ile nguo iliyonuka dawa za kliniki, tandika nyingine yenye harufu yako, na uliache pale pale chumbani, wazi, kama kitanda chake. Punje mbili tatu za dagaa ndani kila baada ya siku chache. Chanjo ya kichaa inarudiwa, na siku hiyo ikifika ningependa umkute ameshalala humo mwenyewe.